SOMO: Kufungua topu ya Honda CG125 ya zamani

Somo hili ni la mwenye pikipiki ya CG125 ya miaka ya 1970 au 1980 inayofuka moshi wa bluu, au iliyoishiwa nguvu mlimani. Topu ni sehemu ya juu ya injini: silinda hedi (kifuniko chenye valvu), bloki (silinda yenyewe) na pistoni. Hii ni mashine nzuri ya kujifunzia. Ina silinda moja, kipenyo 56.5 mm, mwendo wa pistoni 49.5 mm, na valvu zake zinasukumwa na pushirodi, yaani fimbo nyembamba zinazopanda kutoka kwenye kamu hadi kwenye rokaamu, mikono midogo inayobonyeza valvu. Kamu iko chini na inaendeshwa na gia, hivyo ukitoa silinda hedi taimingi (mpangilio wa valvu kufunguka kwa wakati wake) haipotei. Kwa kazi hii huhitaji kutoa injini kwenye fremu.

Kwanza pima, usifungue. Toa plagi, pima kompresheni. Kisha mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana, ringi au bloki imekwisha. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Angalia na moshi: ukitoka unapovuta mafuta, shuku ringi, ukitoka unaporudisha mafuta baada ya kuteremka mlima, shuku sili na gaidi za valvu. Nimeona bloki zisizo na ubovu zikichongwa (kupanuliwa tundu kwa mashine) bure kwa sababu fundi hakutumia dakika kumi hizi.

1. Osha injini, hasa kati ya mapezi. Mchanga ukidondoka ndani, kazi yote imeharibika. Funga koki, toa tenki, kabureta na ekzosi. Nati za ekzosi zipakwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake.

2. Fungua kifuniko cha rokaamu na cha magneto. Weka gia ya juu, zungusha tairi la nyuma taratibu mpaka alama ya T iliyo kwenye magneto ilingane na alama ya kwenye injini. Shika rokaamu zote mbili: zikicheza kidogo, pistoni iko juu kwenye kompresheni. Zisipocheza, zungusha magneto mzunguko mmoja zaidi.

3. Legeza nati kubwa za silinda hedi kwa msalaba, robo zungusho kila moja, ukirudia. Ukimaliza moja kabla ya nyingine, hedi inapinda. Kama kuna bamba linaloshika hedi kwenye fremu, lifungue pia.

4. Toa rokaamu na pushirodi. Chukua kipande cha boksi, toboa matundu mawili, andika INGIZO na MOSHI, chomeka kila pushirodi mahali pake. Vyuma hivi vimesagana na wenzake kwa miaka mingi, vikibadilishana vinaanza kulana upya.

5. Hedi ikigoma, gonga pembeni kwa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi katikati, kovu lake litavuja daima. Angalia bushi ndogo za kulengesha na ringi za mpira zisidondoke.

6. Nyanyua bloki kidogo tu, kisha ziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi kabla pistoni haijatoka. Kitambaa hicho kikae mpaka mwisho. Klipu ya pini inayoshika pistoni ikirukia ndani, utafungua injini nzima kuitafuta. Klipu za zamani usizirudishe.

7. Gasketi za enzi hizo huenda zina asbesto. Zilowanishe ndipo ukwangue, usipulize vumbi lake.

Sasa tulia usome vyuma. Pistoni ina michirizi upande mmoja? Bloki ina ngazi juu, pale ringi inapogeukia? Pima kipenyo juu, kati na chini, kwa pande mbili. Kikizidi 56.60 mm, mimi napeleka kuchonga. Pistoni zilizozidi kipenyo cha kawaida zinapatikana kwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm. Nunua pistoni kwanza, ndipo fundi wa mashine achonge kwa kuifuata.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, naweza kubadilisha ringi tu?*
Unaweza, kama bloki bado ni duara na haina ngazi. Weka ringi mpya ndani ya bloki, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wake kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Paruza pia kuta za bloki ili ringi zishike.

*Pistoni inaangalia wapi? Nimeitoa bila kuweka alama.*
Tafuta maandishi IN juu yake. Yanaelekea kwenye kabureta, yaani nyuma. Midomo ya ringi itawanye, isipangane mstari mmoja.

*Kaka, vyuma vya bodaboda za Kichina vinaingia?*
Nyingi zimeiga injini hii, na vingine vinaingia kabisa. Lakini pima kipenyo cha pini na urefu wa pistoni kabla ya kulipa. Kuonekana sawa kwa macho hakutoshi.

*Sina spana ya kupimia mkazo. Nikaze kwa mkono?*
Azima, tafadhali. Stadi zimefungwa kwenye aluminiamu, na uzi ukitoka utalia. Kaza kwa msalaba, kwa awamu tatu.

*Nimefunga yangu, inagonga tik-tik juu.*
Tapeti, yaani nafasi kati ya rokaamu na valvu. Injini ikiwa baridi kabisa, ingizo na moshi zote 0.08 mm. Kama ni mara ya kwanza tangu uifunge, endesha kilomita chache, iache ipoe usiku kucha, asubuhi kagua mkazo wa nati za hedi ndipo upime tapeti upya.