Kikao cha Dadu Kinapochosha: Namna ya Kukistahimili

Anayejiunga kwa mara ya kwanza na meza ya mchezo wa uhusika, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wa kubuni na dadu huamua kama amefaulu, huelezwa habari za majoka, mapango na hazina, lakini ni nadra kuambiwa kwamba sehemu kubwa ya kikao cha saa 4 ni kusubiri. Jumamosi moja mtaani Kisasa, hapa Dodoma, tukiwa watu sita tumeizunguka meza iliyotandikwa kitambaa cha plastiki, nilisubiri dakika 50 wakati mwenzetu mmoja akipatana bei ya punda na mfanyabiashara ambaye hakuwapo popote isipokuwa katika sauti ya mwongozaji wetu, yule anayesimulia hadithi na kuwaigiza wote tunaokutana nao. Karanga ziliisha sahanini, upepo ukabamiza dirisha mara tatu, na mpiga mshale wangu, niliyekuwa nimemwandalia historia ya kurasa mbili, hakuwa ametamka hata neno moja.

Kabla ya kulaumu mchezo, tambua kwanza unachoshwa na nini. Wapo wanaodhani hadithi imepooza kumbe wametoka kazini bila kula, na hao dawa yao ni sahani ya wali kabla ya kikao. Wengine wote, kwa ninavyoona mimi, huchoshwa ama na mapigano ama na mazungumzo, na kila kimoja kina namna yake.

Nianze na mapigano, kwa sababu ndiyo yanayokula muda mwingi. Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson na ambao ndio unaochezwa mezani kwetu, mzunguko mmoja wa pambano huhesabiwa kuwa sekunde 6 tu ndani ya hadithi. Mezani hali ni nyingine kabisa. Mkiwa wachezaji watano, kila mmoja akitumia dakika 4 kuamua, kurusha dadu na kujumlisha, na mwongozaji akitumia dakika 5 kwa ajili ya maadui wake, basi kutoka mwisho wa zamu yako hadi mwanzo wa zamu yako inayofuata utakuwa umekaa dakika 21.

Hapo mwige mchezaji wa bao. Anayelijua bao hangoji mpinzani wake amalize kusambaza kete ndipo aanze kuhesabu. Huwa ameshaliona shimo atakaloanzia, na kama hana cha kula anajua mapema kwamba zamu hiyo atatakata. Vivyo hivyo, zamu ya wenzako inapoendelea, andika pembeni maamuzi mawili: adui akiwa bado amesimama nitafanya hili, akiwa ameanguka nitafanya lile. Zamu yako ikifika, rusha kwa pamoja dadu ya pande 20 inayoamua kama umelenga na dadu ya madhara, ambayo kwa upinde mrefu ni ya pande 8, kisha utaje majumlisho yote mawili kwa mkupuo. Sisi hurushia ndani ya bakuli la plastiki, tangu dadu ilipoingia chini ya kochi na kutugharimu robo saa ya kuisaka kwa tochi. Kila mchezaji akishuka hadi dakika 2, zile dakika 21 za kusubiri zinakuwa 13, na mtu wa kwanza kushuka anaweza kuwa wewe bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Kanuni unazozisahau kila mara zisome nyumbani. Sehemu ya msingi ya kanuni za toleo la tano iliachiwa huru mwaka 2023 kwa leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuzisoma na kuzitumia bure, kwa hiyo kukosa kitabu si udhuru.

Mazungumzo yanahitaji ustadi zaidi, maana huna zamu ya kuisubiri. Kumbuka jinsi tulivyosimuliwa hadithi utotoni: msimulizi alipoita, tuliitika, na asiyeitika alihesabiwa kuwa amelala. Msikilizaji alikuwa na kazi yake, na mezani nawe unayo. Tafuta kitu kidogo ambacho mhusika wako angekifanya akiwa amesimama pale pale, kisha ukitaje kwa sentensi moja pasipo kumpora mwenzako nafasi. Siku ile ya punda, baada ya kuvumilia hadi nikakoma, nilisema, "Kaka, wakati wao wanapatana, mpiga mshale wangu anamfunua punda mdomo na kumkagua meno." Mwongozaji alinyamaza kidogo, akatabasamu, akasema kwamba magego mawili yameoza. Bei ilianguka kwa nusu, na kwa dakika mbili tukawa njiani. Ningelifanya hivyo katika dakika ya kumi, tungelifika pangoni kabla ya magharibi.

Pale usipopata cha kusema, shika daftari. Andika majina ya watu mnaokutana nao, ahadi zilizotolewa, madeni na milango ambayo haikufunguliwa. Kwa kuwa huu ni mji wa Bunge, wenzangu hawakuchelewa kuniita mwandishi wa Hansadi, na jina hilo limenifaa, kwa sababu kila anaposahaulika mtu fulani wao hunigeukia mimi, nami nakuwa na nafasi mezani hata pale mhusika wangu anapokuwa amefungwa gerezani.

Kuhusu simu sina upole. Anayeiinamia hukosa dakika tatu za hadithi, kisha huinua kichwa na kuuliza, "Imekuwaje?" na watu watano hulazimika kurudia yaliyokwisha kusemwa, kwa hiyo uchovu alioukimbia yeye anatugawia sisi sote. Iache mkobani. Kuchora pembeni mwa karatasi ya mhusika kunaruhusiwa; kupanga dadu mnara zikaporomoka kwa kelele katikati ya maelezo ya mwongozaji hakuruhusiwi.

Kama vikao vinaendelea kuchosha, zungumza na mwongozaji, lakini si mbele ya watu na si kwa maneno ya jumla kama "mchezo umedorora," ambayo humwumiza bila kumwonyesha pa kurekebisha. Mimi nilisubiri hadi tulipobaki wawili tukisuuza vikombe vya chai, nikamwambia, "Kaka, kikao kilikuwa kizuri, ila lile soko lilitushinda. Naomba wiki ijayo mambo ya bei tuyamalize kwa kurusha dadu mara moja tu." Akacheka, akajibu kwamba hata yeye alikuwa anatafuta namna ya kumfukuza yule mfanyabiashara. Wengi husahau kwamba mwongozaji hawezi kupumzika hata zamu moja, na pengine uchovu wake unauzidi wako.

Ukishazungumza naye, ukajaribu vikao vitatu au vinne zaidi na bado unaitazama saa ya ukutani kuliko unavyozitazama dadu, ondoka bila kinyongo. Usipotee kimya kimya ukaacha watu wamechemsha chai ya watu sita. Mpe mwongozaji taarifa mapema, ili mhusika wako apate namna ya kutoka katika hadithi pasipo kuivuruga safari ya wenzake. Wangu bado yupo. Ila siku hiyo ikifika, nimeshaomba aondoke na punda.