Namna ya kujuana na watu ukisafiri peke yako Unguja na Pemba

Msafiri anayekuja Unguja peke yake kutoka Bara, Mombasa au kokote kunakosemwa Kiswahili humzidi mtalii wa Ulaya kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba anaelewa kinachozungumzwa barazani. Hata hivyo, wengi hufika, wakajifungia hosteli na simu zao, kisha wakapanda boti kurudi bila ya kuzungumza na mtu zaidi ya mhudumu wa mapokezi. Inasikitisha, kwa sababu wenyeji wa visiwa hivi hawana tabu kuzoeana na mgeni anayejua kukaa na watu.

Anza na pa kulala. Hosteli za Mji Mkongwe, Paje na Nungwi huwa na vyumba vya pamoja vyenye vitanda vya deka, na kabla ya kulipa ni vyema uulize kama pana ukumbi au paa ambapo wageni hula pamoja. Nyumba kadhaa za Mji Mkongwe huandaa chai ya asubuhi juu ya paa, na hapo ndipo mazungumzo huwa mepesi, maana watu wengi bado hawajaamua watakwenda wapi siku hiyo. Msalimie mwenzako wa chumbani mara tu uingiapo, umtajie jina lako na utokako. Mkishalala usiku wa kwanza bila ya kusemezana, kuanza siku ya pili huwa kuzito. Chukua na kufuli lako la kabati, kwani ukijua mzigo wako upo salama utakaa na watu ukiwa na utulivu.

Kumwalika mtu katika safari ni rahisi kuliko kumwomba urafiki. Mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu, kwenye kobe wakubwa, kwa kawaida hukodiwa nzima, kwa hiyo anayesema mezani, "Kesho asubuhi nataka kwenda Changuu, nani tugawane nauli?" anawapa wenzake sababu ya kweli ya kuitika. Hali ni hiyo hiyo kwa gari ya kwenda msitu wa Jozani kuwatazama kima punju. Patana na nahodha au dereva mbele ya wote, pamoja na muda wa kungoja na safari ya kurudi, ili pasitokee ugomvi wa fedha baina ya watu waliojuana asubuhi ile ile.

Baraza lina adabu zake, na hapa ndipo ningependa msomaji azingatie zaidi. Ukifika Jaws Corner, baraza la Mji Mkongwe ambapo wanaume hukutana kwa kahawa, dhumna na habari za mpira, usianze kwa swali. Toa salamu kwa wote, "Assalaam alaykum", umwamkie aliyekuzidi umri kwa shikamoo, kisha ukae pembeni na uagize kahawa, ambayo huja chungu katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Ukitaka utamu, utafune kashata. Kunywa taratibu. Mtu atakuuliza habari za utokako, na jibu lako lisiwe la neno moja, kwa sababu salamu za Unguja huendelea hadi wazee, watoto na hali ya mvua, na anayezikatiza huonekana ana haraka ya kuondoka. Siasa huzungumzwa sana hapo; mgeni na asikilize tu.

Baraza za aina hiyo ni za wanaume zaidi, kwa hiyo mwanamke anayesafiri peke yake atafute kwingine. Kukaa kwa mchoraji wa hina na piko ni njia nzuri sana: mkono wako unashughulikiwa kwa muda mrefu, huwezi kushika simu, na wanawake wengine wanaongoja zamu watakusemesha wenyewe. Paje, Jambiani na Bwejuu, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji yakikupwa, wanawake hushuka kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoshika kasi Unguja tangu mwaka 1989. Wasalimie kwanza, omba ruhusa ya kukaribia, uangalie usizikanyage kamba zilizofungwa kwenye vigingi, na usitoe kamera mpaka ukubaliwe. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Mazungumzo huja haraka zaidi ukiwa umejisitiri.

Tahadhari nayo ni sehemu ya ujuzi huu. Papasi, yaani watu wanaowafuata wageni ili wawauzie safari na huduma, watakuandama tangu bandarini. Wajibu kwa upole, "Ahsante, sihitaji," na uendelee na njia yako. Mtu uliyemjua leo mkutane penye watu, kama bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, baada ya Magharibi, kwenye urojo na juisi ya miwa. Usifuatane naye ufukweni usiku, usimkopeshe fedha, na mwambie mhudumu wa hosteli unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Huyo uliyemjua akikasirika kwa kuwa umeaga, usiende naye.

Pemba hosteli ni chache, na wageni wengi hulala gesti za Chake Chake, Wete au Mkoani. Huko watu utajuana nao kwenye daladala na madukani, na haichukui muda kualikwa nyumbani. Ukialikwa, chukua sukari au matunda, piga hodi na ungoje. Ukipiga mara tatu bila ya kuitikiwa, rudi zako na uje wakati mwingine. Vua viatu mlangoni, kula kwa mkono wa kulia, na ukiombwa ulale kijijini, mkumbushe mwenyeji wako kwa heshima amwarifu sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa huo, kabla jua halijatua.