Jinsi ya Kuchagua Kati ya “He”, “She” na “It” Unapotaja Vitu kwa Kiingereza

Mtu aliyekulia katika Kiswahili, Kidholuo au Kiluhya hakuzoea kutenganisha mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi, kwa kuwa neno moja humtosha baba na mama vilevile, na ndiyo sababu hata wasemaji hodari wa Kiingereza mjini Kisumu huteleza wakamwita dada yao “he”. Mashaka huzidi pale anapomsikia Mwingereza akiiita meli au gari “she”, kwani hapo hudhani kwamba vitu vyote vina jinsia iliyofichika, kama ilivyo katika Kifaransa, naye huanza kubahatisha. Jinsia ya namna hiyo haimo katika Kiingereza cha leo. Kiingereza cha kale kilikuwa nayo, tena jua lilihesabiwa kuwa la kike na mwezi wa kiume, lakini mfumo huo ulisambaratika karne nyingi zilizopita, na kilichobaki ni desturi ya wachache wenye mapenzi na vyombo vyao.

Kwa hiyo anza na “it”. Kiti, simu, cherehani, trekta, jiko na kinu cha kusagia mahindi vyote ni “it”, na anayeshikilia hilo hatasahihishwa na yeyote. “She” ni hiari inayoonyesha fahari au mazoea ya kazi, nayo humfaa hasa yule anayekishughulikia kitu chenyewe, mathalani fundi anayemwambia mwenzake awashe injini waisikilize. “He” kwa kitu kisicho na uhai husikika katika lahaja za kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako hata nyundo yaweza kuitwa hivyo, lakini mgeni akiiga huonekana amekosea tu.

Meli ndizo zenye desturi iliyokita mizizi zaidi, na jina la chombo halibadilishi neno. Meli iitwayo William Mackinnon, iliyojengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuzinduliwa Kisumu mwaka 1900, ilikuwa na jina la mwanamume, lakini kwa desturi ya mabaharia ni “she” sawasawa na Winifred na Sybil zilizoifuata. Hata hivyo gazeti la meli la London, Lloyd’s List, lililoanza mwaka 1734, liliamua mwaka 2002 kuandika “it”, ilhali jeshi la wanamaji la Uingereza limeshikilia “she”. Nionavyo mimi, anayeandika barua ya bandari, mkataba au habari ya gazeti afuate Lloyd’s List, na anayepiga gumzo na nahodha gatini amfuate nahodha.

Ukichagua “she”, dumu nayo mpaka mwisho wa aya, ukitumia “her” kila panapohusu umiliki, badala ya kurukia “its” katikati. Lakini kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: kirejeshi hakibadiliki. Huandiki “the ship who lost her anchor”, bali “the ship which lost her anchor”, maana meli haijageuka mtu.

Hatari kubwa imo katika ripoti. Tuseme lori limepinduka Salgaa, nje kidogo ya Nakuru, na karani anaandikia kampuni ya bima: “The driver braked and she rolled twice.” Msomaji atadhani kwamba dereva alikuwa mwanamke na kwamba yeye ndiye aliyebiringika, na madai yanaweza kukwama kwa ajili ya herufi tatu. Akiandika “the lorry rolled twice”, hakuna la kuulizwa. Katika maelezo ya polisi, bima na mahakama, rudia jina la kitu bila kuona haya.

Nchi iliitwa “she” katika hotuba na mashairi ya zamani. Leo katika insha na taarifa Kenya ni “it”. Vimbunga vya Atlantiki navyo, ingawa tangu mwaka 1979 hupewa majina ya kiume na ya kike kwa zamu, ni “it”. Wanyama wana utaratibu wao: fahali wa mapigano wa Khayega, kule Kakamega, anayejulikana kwa jina na kushangiliwa uwanjani, ni “he” bila shaka, lakini mbwa usiyemjua anayepita barabarani ni “it”, na Mwingereza haoni dharau yoyote hapo.

Unapotafsiri kurudi kwenye Kiswahili, iache jinsia hukohuko ilikotoka na ufuate ngeli. “She arrived at Port Florence” (jina la zamani la Kisumu), ikiwa ni meli inayosemwa, ni “ilifika Port Florence”, na ikiwa ni gari ni “lilifika”. Ukiandika “alifika”, msomaji ataanza kumtafuta abiria.