Namna ya kutafuta mji uliobadilishwa jina kati ya Ujerumani na Poland

Cheti kinasema mtu alizaliwa Neustadt mwaka 1889. Ukiandika jina hilo kwenye ramani ya leo, unaletewa miji lukuki ndani ya Ujerumani, na huenda hakuna hata mmoja unaouhitaji. Wejherowo, karibu na Gdańsk, iliitwa Neustadt. Prudnik, kusini jirani na mpaka wa Ucheki, iliitwa Neustadt. Lwówek, magharibi ya Poznań, nayo vilevile. Kinachoitofautisha ni mkia wa jina: „Westpreußen" (Prussia ya Magharibi), „O.S." (yaani Oberschlesien, Silesia ya Juu), „bei Pinne" (karibu na Pinne). Nakili mkia wote, pamoja na vifupisho usivyovielewa. Wengi wanaokwama huwa waliuacha wakidhani ni pambo.

Kisha shughulikia mwaka kabla ya jina. Katika eneo hili jina la mji linakuambia nani alikuwa anatawala siku karatasi ilipoandikwa. Halikuambii waliokaa pale walizungumza lugha gani.

Prussia (dola ya Kijerumani), Austria na Urusi ziliigawana Poland mwaka 1772, 1793 na 1795, mpaka ikafutika kwenye ramani. Ukiondoa miaka michache ya Napoleon, Poznań ilikuwa chini ya Prussia hadi mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndiyo maana Mpolandi aliyezaliwa huko mwaka 1880 karatasi zake zinasema Posen.

Miaka ya 1918 hadi 1922 ndiyo inayosumbua kuliko yote, kwa sababu mpaka ulihama vipande vipande. Poznań ilianza uasi dhidi ya utawala wa Ujerumani tarehe 27 Desemba 1918. Warmia na Masuria, kusini mwa Prussia ya Mashariki, zilipiga kura ya kuchagua kati ya Ujerumani na Poland tarehe 11 Julai 1920, zikabaki Ujerumani. Silesia ya Juu ilipiga kura tarehe 20 Machi 1921, ikagawanywa mwaka 1922: Katowice ikaenda Poland, huku Gliwice, Bytom na Zabrze zikibaki Ujerumani. Danzig (leo Gdańsk) haikuwa ya yeyote kati yao, bali Mji Huru, kuanzia 1920 hadi 1939. Kwa hiyo hati ya kipindi hicho isome pamoja na siku na mwezi wake. Mwaka peke yake hautoshi.

Usijaribu kukisia jina la sasa kwa kusikiliza mlio. Thorn na Toruń zinafanana, sawa. Lakini Rastenburg ni Kętrzyn, jina lililotolewa mwaka 1946 kumuenzi mwanahistoria Wojciech Kętrzyński. Lötzen ni Giżycko na Sensburg ni Mrągowo. Majina hayo nayo yametokana na ya watu. Baada ya 1945, Poland ilipokabidhiwa ardhi ya mashariki ya mito Oder na Neisse, iliunda tume maalumu ya kupanga majina, na tume hiyo haikufuata sauti ya zamani kila mara.

Wajerumani walikuwa wamefanya hivyohivyo. Marggrabowa ilibadilishwa mwaka 1928 ikawa Treuburg, ngome ya uaminifu, kama tuzo ya kura ya 1920. Leo ni Olecko. Zabrze iliitwa Hindenburg kuanzia 1915 hadi 1945. Wanazi nao, hasa miaka ya 1936 hadi 1938, walifuta majina mengi ya vijiji yaliyosikika ya Kislavoni huko Silesia na Prussia ya Mashariki, na wakati wa vita wakaiita Łódź Litzmannstadt na Gdynia Gotenhafen. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na majina matatu ndani ya miaka kumi, kwa hiyo usiishie kwenye jina la kwanza linalolingana.

Kwa utafutaji wenyewe, fungua kamusi ya miji ya Meyers, toleo la 1912. Imewekwa kwenye intaneti bure. Andika pembeni wilaya (Kreis) na ofisi ya msajili (Standesamt), kwani kijiji kidogo mara nyingi kilisajiliwa kijiji jirani. Halafu tumia Kartenmeister, orodha ya mtandaoni ya majina ya miji, kupata jina la Kipolandi. Hakiki kwa ramani za zamani za Messtischblatt, za kipimo cha 1:25,000, ambapo sentimita 1 ni mita 250. Linganisha umbo la ziwa, reli na mahali kanisa lilipo. Hatua hii watu huiruka, na hapo ndipo Groß (kubwa) na Klein (dogo), au Alt (la kale) na Neu (jipya), hubadilishana nafasi bila mtu kugundua.

Prussia ilianza usajili wa kiserikali tarehe 1 Oktoba 1874. Cha kabla ya hapo kitafute kwenye vitabu vya kanisa. Nchini Poland, vitabu vya vizazi huhamia hifadhi ya taifa baada ya miaka 100, vya ndoa na vifo baada ya 80; vipya zaidi vipo ofisi ya msajili ya mji husika. Tafuta kwenye szukajwarchiwach.gov.pl kwa majina yote mawili ya mji. Ukikosa, uliza Standesamt I mjini Berlin, ambako sehemu ya vitabu vya mashariki ilihifadhiwa.

Mwandiko wa Kurrent, yaani mwandiko wa zamani wa Kijerumani, utakusumbua: „e" inaonekana kama „n", na „u" hutambulika kwa kikunjo kidogo juu yake. Jaribu pia tahajia zote za jina la ukoo, Schulz na Szulc, na kwa mwanamke Kowalska na Kowalski.

Safu ya dini ina mtego wake. Kanuni ya mitaani kwamba Mkatoliki ni Mpolandi na Mprotestanti ni Mjerumani huvunjika pale hasa unapoihitaji. Wamasuria wengi walikuwa Walutheri waliozungumza lahaja ya Kipolandi, na bado kura ya 1920 iliipa Ujerumani takriban asilimia 98. Silesia ya Juu ilijaa Wakatoliki, lakini takriban asilimia 60 ya kura ilikwenda Ujerumani, zikiwemo za wazaliwa zaidi ya 180,000 waliorudi kutoka sehemu nyingine za Ujerumani kupiga kura.

Unapoandika matokeo, weka jina la wakati ule kwanza na la leo baadaye: „alizaliwa Rastenburg (leo Kętrzyn), 1889". Na ukikutana na Königsberg, funga ramani ya Poland; mji huo ni Kaliningrad, Urusi. Memel nayo ni Klaipėda, Lithuania.