Kuokota kombe na kuwapika: maelekezo kutoka Tongoni

Ukitaka kombe, yule mnyama wa baharini mwenye ganda la pande mbili, tazama mwezi kwanza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndiyo bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Huku kwetu Tongoni, pwani ya Tanga, hadi Kigombe, maji ya bamvua hupwa kabisa kwenye saa nne na saa tano asubuhi. Maji mafu, yale ya nusu mwezi, hayakufikishi popote. Majani ya bahari hubaki chini ya maji nawe utarudi na pakacha tupu. Toka nyumbani saa tatu, uyafuate maji yanavyopwa. Anayefika yameshasimama amechelewa, maana yakianza kurudi hujaza kwanza vijito ulivyovivuka, na wewe bado uko mbele huko umeinama.

Chukua pakacha au kikapu kinachochuja maji, kisu butu, na viatu vigumu. Peku usiende. Buruta miguu, usiinyanyue: samaki taa hujifukia mchangani, akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe, lakini ukimkanyaga atakuchoma mwiba na hutasahau. Ukiona konokono mwenye ganda refu lililochongoka, lenye madoa ya kupendeza, muache hapo hapo. Kuna wa aina hiyo wenye sumu ya kuua mtu.

Kombe hatafutwi kwenye mchanga mtupu. Anakaa ndani ya majani ya bahari, nusu mwili umejizika, ukingo wa ganda uko juu. Ganda lake ni jeupe lenye mifuo iliyopangana, lakini akiwa hai huuoni weupe huo: amevaa manyoya ya kahawia na matope juu yake. Utakachokiona ni mstari mwembamba uliopinda katikati ya majani. Ukisogea, mstari unajifumba, pengine na maji yanaruka kidogo. Papo hapo pitisha kisu chini yake. Amejishika kwa nyuzi kwenye mizizi au kijiwe, basi mzungushe taratibu mpaka nyuzi zikatike. Usimng'oe na jani zima. Wako wanaokuja na majembe siku hizi wakafukua shamba zima la majani, na hili linaniuma sana, kwa sababu majani hayo ndiyo nyumba ya kombe na ndiyo chakula cha samaki tasi wanaonaswa na madema, mitego ya waume zetu. Jiwe ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa.

Wa kuchukua ni wale wanaozidi upana wa vidole vitatu. Wadogo waache. Na hata wakubwa, usiwamalize mahali pamoja. Ukiona wamekaa kundi, chukua baadhi usogee mbele. Kombe hazai kwa kukutana: dume humwaga mbegu majini, jike humwaga mayai, na yakikutana ndipo watoto wanapopatikana. Wakibaki wawili watatu waliotawanyika, mbegu zinapotea na maji. Jamaa zao wa mitoni wana shida nyingine kabisa, kwani watoto wao ni lazima kwanza wajishike kwenye matamvua au mapezi ya samaki ndipo wakue. Huko Marekani, kwenye mto Mississippi, mwaka 1891 Mjerumani mmoja, John Boepple, alianza kutengeneza vifungo vya nguo kwa maganda ya kombe wa mto mjini Muscatine. Viwanda vikaongezeka, na mwaka 1905 mji huo ulitoa vifungo kama bilioni 1.5. Muda si muda makundi ya kombe yakaanza kwisha mtoni. Mto mkubwa namna ile! Sisi tuna ufuo unaoweza kumalizwa na kijiji kimoja.

Tuko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, iliyoanzishwa 2009, kwa hiyo mgeni apite kwanza kwa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia ufuo, aelezwe wapi panaruhusiwa. Usiokote karibu na mifereji ya mji wala bandarini. Kombe hula kwa kuchuja maji, na uchafu uliomo humo unabaki ndani yake.

Nyumbani waweke kwenye ndoo ya maji ya bahari, kivulini, mpaka alasiri, wateme mchanga. Maji yakichafuka badilisha. Usitumie maji ya bomba, watakufa. Kabla ya kupika mgonge kila mmoja: aliyeachama asijifumbe, mtupe. Kisha wabandike na maji kidogo, ufunike. Wakishafunguka waongeze dakika tano. Aliyegoma kufunguka naye tupa. Usishtuke kuona wekundu ndani. Ni damu yake kweli, kombe huyu ana himoglobini, ile inayofanya hata damu yetu iwe nyekundu.

Toa nyama, ondoa tumbo jeusi, suuza mara mbili. Kaanga kitunguu na thomu (kitunguu saumu), tia nyanya mpaka ziive, bizari kidogo, halafu kombe na tui jepesi. Chumvi onja kwanza, wana chumvi yao. Kasimile, lile tui zito la kwanza, litie mwisho, koroga bila kuacha lisikatike, na likichemka mara moja epua. Ndimu kamulia mezani. Watu wengi watakuambia wali. Mimi nasema bada, yaani ugali, la muhogo mweupe, la moto, maana linabeba mchuzi vizuri zaidi.

Kama ni wengi, wale uliokwisha kuwachemsha watunge kwenye vijiti uwaanike jua kali, wakauke kabisa ndipo uwaweke. Maganda usiyatupe njiani yakakata watoto miguu. Yaoshe chumvi itoke, yaanike, yatwange yawe chenga, uwape kuku wanaotaga.