Kuchagua kalibu ya risasi kwa karabini kongwe za baruti nyeusi

Usinunue kalibu, yaani chombo cha kumiminia vichwa vya risasi, kabla hujapima mtutu wako. Karabini (bunduki fupi) za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) zilitoka viwanda vingi, na nyingi zimeliwa na kutu au kusuguliwa kupita kiasi. Sharps huitwa ya inchi 0.52, Smith ya 0.50, Burnside ya 0.54, lakini hayo ni majina tu. Mifereji ya Smith, ile iliyochongwa kwa mzunguko ndani ya mtutu na kuacha matuta kati yake, mara nyingi hukaribia inchi 0.515, yaani milimita 13.08, kichwa cha 0.50 kitapwaya humo.

Kwanza fundi wa bunduki aikague, na uhakikishe haina shehena, yaani baruti na risasi ndani. Silaha za umri huu hukutwa zimeshindiliwa tangu zamani.

Safisha mtutu hadi kitambaa kitoke cheupe, kisha upake mafuta mepesi. Chukua kipande cha madini ya risasi safi, kinene kidogo kuliko mtutu, ukigonge taratibu kiingie, halafu ukisukume kwa ufito wa shaba uliozungushiwa tepu. Mkono utakueleza mengi: kikilegea katikati kisha kikakaza tena, pale pamevimba au pamelika.

Kikitoka kitazame vizuri, maana hapa wengi hukosea. Miinuko unayoiona juu yake ndiyo mifereji ya mtutu, na mabonde yake ndiyo matuta. Pima kutoka mwinuko hadi mwinuko kwa maikromita. Mtutu wenye mifereji mitatu au mitano, kama ya bunduki za Enfield, hauna miinuko inayotazamana. Zungushia kipande hicho utepe mwembamba wa chuma unaoujua unene, pima, kisha toa unene huo mara mbili.

Sasa inategemea bunduki inajazwa wapi. Ikijazwa kwa nyuma, kichwa kiwe sawa na mifereji au kiizidi kwa inchi 0.001 hadi 0.002. Lakini pima chemba pia, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwani kichwa kinachofaa mtutu kinaweza kugoma kuingia chemba au kwenye ganda. Ikiwa ni ya kushindilia mdomoni na unatumia Minié, kichwa chenye shimo kitakoni, kanuni inageuka: kiwe pungufu ya nafasi kati ya matuta kwa inchi 0.001 hadi 0.002. Kitateremka kwa urahisi, na gesi ya baruti itapanua kingo za shimo zishike mifereji.

Kikiwa chembamba mno, gesi hupenya pembeni, madini huganda kwenye mtutu, na shabaha hutobolewa na vichwa vinavyoigonga kwa ubavu.

Muulize mtengenezaji kalibu yake imekadiriwa kwa madini gani. Risasi safi hunywea zaidi ikipoa kuliko ile yenye antimoni, hivyo kalibu ileile hutoa vichwa viwili vya ukubwa tofauti, na inchi 0.001 ni nyingi hapa. Kwa Minié tumia risasi safi tu, kwani ngumu haipanuki. Kwa zinazojazwa nyuma, sehemu moja ya bati kwa thelathini za risasi inafaa. Ukisita kati ya saizi mbili, chukua kubwa; kichwa kinene hupunguzwa kwa kukipitisha kwenye tundu la kusawazishia.

Usivutwe na kichwa kirefu na kizito. Karabini nyingi zina msokoto wa taratibu, yaani mifereji huzunguka polepole, kama mzunguko mmoja kwa inchi 48, na kichwa kirefu hakitatulia hewani. Tafuta kifupi chenye mifuo mipana yenye kina ya kubeba grisi: nta ya nyuki na shahamu, nusu kwa nusu. Grisi ya petroli ikikutana na baruti nyeusi hufanya masizi kama lami.

Kuhusu kalibu yenyewe, ya alumini hupata moto haraka lakini huchubuka. Ya chuma hudumu ila hushika kutu. Kichwa chenye mikunjo ni dalili kwamba kalibu bado baridi, chenye ukungu mweupe imezidi moto. Mimina penye hewa ya kutosha, nawa mikono kabla ya kula, na usiruhusu hata tone la maji karibu na sufuria: hugeuka mvuke papo hapo na kurusha madini yaliyoyeyuka usoni.

Pima vichwa kumi vya kwanza kimoja kimoja. Vikitofautiana, angalia kwanza kama nusu mbili za kalibu zinafunga sawasawa. Chembe ya risasi iliyonasa kati yake inatosha kuvitoa umbo la yai.