Jinsi ya Kuuona Uzuri wa Mungu Katika Uumbaji

Wengi hutoka nje kutafuta makubwa: mlima, maporomoko ya maji, machweo. Vyote vina utukufu wake, lakini jicho lisilozoezwa huvichoka upesi. Anza na kidogo. Chagua mahali pamoja unapoweza kufika kwa miguu kila siku, hata pakiwa chini ya mti mmoja tu, upazoee kwa wiki 4. Anayehamahama huona sura ya nje. Anayerudi palepale huona kilichochipua, kilichonyauka, na aliyejenga kiota.

Nenda alfajiri, umande haujakauka na ndege wako katika kilele cha kuimba. Simu iache ndani. Hakuna kinachoharibu zoezi hili kama kamera, kwa sababu ukishapiga picha moyo huona kazi imekwisha. Keti kimya dakika 15. Mwanzoni patakuwa kama pamekufa, kwa kuwa viumbe wamekuona wakajificha. Wakishakuzoea hurudi kwenye shughuli zao, na kwa bahati mbaya huo ndio wakati ambao watu wengi wamekwisha kuinuka.

Kisha shika kitu kimoja. Kioo cha kukuzia cha mara 10 kinatosha. Kiweke karibu kabisa na jicho, halafu usogeze jani au ua mpaka libaki kama sentimita 2.5 mbele ya kioo. Ukikishika mbali kwa mkono ulionyooka, utaona ukungu mtupu. Ukipata alizeti iliyokomaa, tazama mistari ya mbegu inavyojipinda, mingine kulia, mingine kushoto. Tia wino kwenye mstari wa kwanza usije ukapotea, uhesabu. Mara nyingi utapata 34 upande mmoja na 55 upande wa pili. Kila chipukizi la mbegu hujitenga na lililotangulia kwa pembe ya karibu digrii 137.5, ndiyo maana zinajaa bila kuacha pengo. Kujua sababu hakupunguzi sifa za Muumba, kunazipa maneno. “Asante kwa maua” ni shukrani nyepesi mno. Mshukuru kwa mbegu hizo ulizozihesabu. Andika sentensi moja ya namna hiyo kila siku.

Uozo nao usiuruke. Funua gogo lililolala: nyuzi nyeupe za uyoga zinalimeng’enya ubao mpaka uwe chakula cha miche. Kisha lirudishe lilivyokuwa, maana ni nyumba ya watu wengine.

Siku moyo ukiwa mkavu, usijilazimishe kuhisi chochote. Tazama, andika, nenda zako.

Usiku usio na mwezi, tafuta Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota. Desemba na Januari huonekana vizuri jioni. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwanga mmoja wa simu hukurudisha mwanzo. Usikikodolee. Tazama pembeni yake kidogo, kwa kuwa kitovu cha jicho ni dhaifu gizani. Watu wengi huhesabu nyota 6. Kwa darubini ndogo ya mkononi zinakuwa makumi. Katika sura ya 38 ya kitabu cha Ayubu, Mungu anamwuliza Ayubu kama anaweza kuufunga mnyororo wa Kilimia. Lisome swali hilo mapema, ulibebe kichwani, ulijibu ukiwa umesimama chini ya nuru iliyotoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita.